Mikoa na wilaya za Taiwan enzi za Mjapani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kila mtu akikutana na ramani ya zamani, stempu au karatasi ya familia yenye majina kama Taihoku, Takao, Karenko, anabaki anajiuliza hii ni nchi gani tena. Sijayapanga kama kitabu, wewe ruka uende kwenye lile linalokuhusu.

Hivi Taiwan ilikuwa ya Japani kweli?

Kweli kabisa, miaka 50. China ya ukoo wa Qing ilipigwa vita na Japani 1894 hadi 1895, na kwenye mkataba wa Shimonoseki uliosainiwa 17 Aprili 1895 ikaiachia Japani Taiwan pamoja na visiwa vya Penghu. Wenyeji hakuna aliyewauliza. Mwezi Mei wakubwa wa pale wakatangaza jamhuri yao, ikadumu miezi kama mitano tu, Oktoba jeshi la Japani likaingia Tainan na habari ikaishia hapo. Mwisho wake ni 25 Oktoba 1945, siku ambayo Gavana Mkuu wa mwisho, Ando Rikichi, alisalimu amri Taipei mbele ya Chen Yi aliyetumwa na serikali ya China.

Nipe kwa kifupi, kisiwa kiligawanywaje?

Ukitaka jibu moja la kushika, shika mfumo wa 1920 maana ndio uliodumu mpaka mwisho na ndio uko kwenye ramani nyingi utakazokutana nazo. Juu kabisa yupo Gavana Mkuu, anakaa Taipei. Chini yake kuna mikoa mitano iliyoitwa shu: Taihoku, Shinchiku, Taichu, Tainan na Takao (majina ya leo ya sehemu zote hizi yameorodheshwa huko chini), yote upande wa magharibi na kaskazini ambako ndiko kuna tambarare na watu wengi. Alafu kuna maeneo yaliyoitwa cho, Taito na Karenko upande wa mashariki, na kuanzia 1926 likaongezeka la tatu, Hoko, yaani visiwa vya Penghu.

Ndani ya shu kuna miji mikubwa (shi) inayojitegemea na kuna wilaya (gun). Ndani ya wilaya kuna miji midogo (gai) na maeneo ya vijijini (sho). Hiyo sho usiione kama kijiji kimoja, ilikuwa inakusanya vijiji kadhaa pamoja, kwa hiyo ukiifananisha na kata utakuwa karibu zaidi na ukweli.

Mbona ramani za kabla ya 1920 hazifanani hata moja na nyingine?

Kwa sababu walikuwa wanabadilisha kila wakati! Hili ndilo linawachanganya watu wengi na siwalaumu. Juni 1895 wanaingia wanatangaza mikoa mitatu (wakati huo iliitwa ken) pamoja na ofisi ya Penghu. Agosti tu wamebadilisha, kisiwa kikawekwa chini ya jeshi maana huko kusini bado walikuwa wanapigana, huwezi kuwa na mkuu wa mkoa kwenye mkoa ambao hujauteka. 1896 wakarudi kwenye utawala wa kiraia na ken tatu, Taihoku, Taichu na Tainan. 1897 zikawa ken sita na cho tatu. 1898 zikarudi tatu na cho tatu. 1901 mwezi Mei ikaongezwa cho ya nne huko kusini kabisa, Koshun, na kabla mwaka haujaisha, Novemba, ken zote zikafutwa zikaja cho 20. 1909 hizo 20 zikabanwa zikawa 12. Ndio 1920 sasa.

Sababu? Ya kwanza ni vita. Miaka ile ya mwanzo waasi walikuwa kila mahali, 1896 eneo la Yunlin wanajeshi walichoma vijiji na kuua raia wengi kiasi kwamba habari zilitoka mpaka nje ya nchi, na wenyeji ndio wakazidi kujiunga na waasi. Ya pili ni hela, serikali ya Tokyo ilikuwa inatoa ruzuku kubwa kuendesha kisiwa na huko bungeni watu walishaanza kunung'unika. Ya tatu, ambayo mimi naona ndio kubwa kuliko zote, ni kwamba hawakuwa wanakijua kisiwa, hawajui nani anamiliki shamba gani, watu wangapi wanaishi wapi, mpaka wa kijiji uko kwenye mto au kwenye mti, sasa utachora wilaya ya maana vipi? Walikuwa wanakisia, wakikosea wanachora upya.

Goto Shinpei ni nani na anahusikaje na hizo cho 20?

Goto alikuwa daktari, akaletwa 1898 kuwa mkuu wa utawala wa kiraia chini ya Gavana Mkuu Kodama Gentaro. Kodama alikuwa jenerali mwenye vyeo vingine huko Tokyo, muda mwingi hayupo, kwa hiyo kiukweli kisiwa kiliendeshwa na Goto mpaka 1906. Alichofanya ni kusimamisha ubunifu wa juujuu na kuanza kupima. Upimaji wa ardhi ulianza 1898 ukaenda mpaka miaka ya 1904 na 1905, na mwaka 1905 ikafanyika sensa, wakahesabu watu kama milioni 3.04. Hapo hapo ujue kwamba Japani yenyewe ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa mwaka 1920, yaani koloni lilihesabiwa miaka 15 kabla ya mwenye koloni.

Sasa hizo cho 20. Mfumo wa ken ulikuwa na ngazi nyingi, amri ikitoka Taipei inapita kwa mkuu wa ken, inashuka kwenye ofisi za chini yake, inachelewa, na kila ngazi ina maafisa wanaolipwa. Goto alipunguza maafisa wengi sana, akaondoa ngazi ya ken, cho ndogo ndogo zikawa zinaripoti moja kwa moja kwake. Chini ya cho kukawa na vituo vidogo vya utawala, na hapa ndipo penye jambo lenyewe: wakuu wa vituo hivyo walikuwa maafisa wa polisi. Sio kwamba polisi alimsaidia mtawala, polisi ndiye mtawala. Kodi anakusanya yeye, chanjo anasimamia yeye, barabara anasimamia yeye, kesi ndogo anaamua yeye. Mkulima wa kawaida wa Taichu angeweza kuishi maisha yake yote bila kumuona mtumishi wa serikali ambaye hajavaa sare na upanga.

Nimesikia walikuwa na nyumba kumi kumi, ni sawa na balozi wetu wa nyumba kumi?

Kwa umbo zinafanana, asili ni tofauti kabisa. Huu ni mfumo wa Kichina wa karne nyingi, unaitwa baojia, Wajapani walioukuta wakautamka hoko (usichanganye na Hoko visiwa, ni maneno mawili tofauti, ni matamshi tu yamegongana) na wakaupa nguvu ya sheria Agosti 1898. Kaya kumi zinafanya ko, ko kumi zinafanya ho, kwa hiyo ho moja ni kama kaya mia. Kila ngazi ina kiongozi wake mwenyeji, halipwi mshahara, na yuko chini ya kituo cha polisi.

Ubaya wake uko kwenye adhabu ya pamoja. Mtu mmoja akificha muasi, kaya zote kumi zinapigwa faini. Mgeni akilala kwako lazima uripoti. Kulikuwa na vikosi vya vijana vya kusaidia polisi kukamata watu, na hiyo hiyo hoko ndiyo ilitumika kuua panya wakati wa tauni na kutengeneza barabara bila malipo. Wajapani wanaoishi Taiwan hawakuwemo, ilikuwa ya Wataiwan tu, na wasomi wa Taiwan waliipigia kelele miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Ilifutwa 1945 mambo yakiwa yameshaisha.

Nasisitiza hili kwa sababu kwenye ramani hoko haionekani. Ramani inakuonyesha shu na gun, mtu anadhani utawala uliishia pale, kumbe mwananchi aliuonja mlangoni kwake.

Kwa hiyo 1920 kilibadilika nini hasa?

Kwanza siasa ya Tokyo ilibadilika. Waziri mkuu Hara Takashi alikuwa na msimamo kwamba makoloni yaendeshwe kwa kufuata mfano wa Japani yenyewe kadiri inavyowezekana, na mwaka 1919 akamteua Den Kenjiro kuwa Gavana Mkuu, wa kwanza ambaye sio mwanajeshi. Wote kabla yake walikuwa majenerali na maadmirali. Den akaja na mageuzi yaliyoanza kazi Septemba 1920.

Cho 12 zikavunjwa. Toen ikaingia Shinchiku, Giran ikaingia Taihoku, Nanto ikaingia Taichu, Kagi ikamezwa na Tainan, Ako ikaingia Takao. Miji mitatu tu ikapewa hadhi ya shi mwanzoni: Taihoku, Taichu, Tainan. Kirun (Keelung) na Takao zikapata 1924, Shinchiku na Kagi 1930, Shoka na Heito 1933, Giran na Karenko 1940, jumla 11. Na kila shu, mji, gai na sho ikapewa bajeti yake pamoja na baraza la ushauri.

Watu wengi wanaandika kwamba 1920 ndio polisi walitenganishwa na utawala. Nusu ni kweli. Ngazi ya gai na sho sasa ilikuwa na kiongozi wa kiraia, mara nyingi mwenyeji mwenye uwezo, tajiri wa pale mjini. Lakini mkuu wa gun, yaani mkuu wa wilaya, alipewa madaraka juu ya polisi, kitu ambacho mwenzake wa cheo hicho hicho huko Japani hakuwa nacho. Kwa hiyo ukisoma kwamba utawala wa polisi uliisha 1920 uwe na mashaka kidogo, ulipanda ngazi moja tu juu na ukavaa suti.

Kingine, na hiki ndio kimeishi mpaka leo, mipaka ya gai na sho iliyochorwa 1920 ilikuwa mizuri kwa maana ya kiufundi. Safari hii walikuwa na vipimo vya ardhi, walikuwa na sensa, reli ya kutoka Keelung mpaka Takao ilishakamilika tangu 1908, wanajua watu wanakwenda soko gani na kupanda treni wapi. Ndio maana mipaka ya tarafa nyingi za Taiwan ya leo ni ile ile ya 1920 au inakaribiana nayo sana.

Tofauti ya shu na cho ni nini, na kwanini mashariki walibaki cho?

Shu ilikuwa serikali ya mkoa iliyokamilika, ina gavana wake, ina baraza, ina bajeti yake. Cho ilikuwa ofisi ya serikali kuu iliyopelekwa mbali. Mashariki ya Taiwan ni ukanda mwembamba kati ya milima na bahari, watu wachache, na sehemu kubwa ya wakazi walikuwa wenyeji wa asili, Waamis na wengineo, ambao serikali haikuwaona kama walipa kodi wa kuendesha halmashauri. Kwa hiyo Taito na Karenko zilikaa na vituo vidogo vile vya zamani mpaka 1937 ndipo nazo zikapata gun. Huko Karenko ndiko pia serikali ilijaribu kuleta wakulima kutoka Japani na kuwajengea vijiji vyao, mafanikio yakawa ya kusuasua.

Milimani nani alikuwa anatawala?

Polisi, mwanzo mwisho, na huku hata kwa jina tu hakukuwa na mtawala wa kiraia.

Chukua ramani ya 1930 angalia katikati ya kisiwa, utakuta gun zimeenea mpaka vilele vya milima kwenye makaratasi, lakini gai na sho zinaishia chini kwenye miinuko. Zaidi ya hapo ni eneo maalum, sheria za kawaida haziingii, ardhi haisajiliwi kwa wenyeji na kodi ya ardhi haitozwi, huingii bila kibali. Mpaka wake haukuwa mstari wa wino tu, kulikuwa na njia ya ulinzi yenye vibanda vya walinzi, na sehemu nyingine waya wa umeme. Mpaka huo ulisogezwa ndani kidogo kidogo, hasa chini ya Gavana Mkuu Sakuma Samata aliyekuwa na mpango wa miaka mitano kuanzia 1910 wa kuwanyang'anya watu wa milimani bunduki zao, ukaishia na vita dhidi ya Watruku mwaka 1914. Walichokuwa wanatafuta huko juu ni kafuri na mbao.

Baada ya hapo kila kijiji kikubwa kikawekewa kituo cha polisi, na polisi huyo huyo ndiye mwalimu wa shule, ndiye mtoa dawa, ndiye anayepanga nani akabebe magogo kwa ujira gani. Ukiyaweka mambo yote hayo mkononi mwa mtu mmoja ambaye hana wa kumhoji, usishangae yaliyotokea Musha (leo Wushe) tarehe 27 Oktoba 1930. Waseediq, watu wa milimani, wakiongozwa na Mona Rudao walivamia sherehe za michezo shuleni, wakaua Wajapani 134, akiwemo mkuu wa wilaya ya Noko mwenyewe aliyekuwa amekuja kama mgeni rasmi. Kisasi cha jeshi kilikuwa kikubwa, mizinga na ndege, na watu wengi wa vijiji sita vilivyoasi walikufa au walijiua. Gavana Mkuu Ishizuka Eizo akajiuzulu. Na Musha ilikuwa inahesabika kama eneo la mfano! Wilaya ya kupigiwa mfano kwenye ripoti zote.

Penghu mbona mara ipo mara haipo?

Ilikuwa na ofisi yake tangu 1895, 1920 wakaona ni ndogo wakaifanya gun chini ya Takao, watu wa visiwani wakawa wanasimamiwa kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari, haikwenda vizuri, 1926 ikarudishiwa hadhi yake ikaitwa Hoko-cho. Ukiona ramani yenye shu tano na cho mbili ni ya kati ya 1920 na 1926, ukiona cho tatu ni ya 1926 kuja mbele. Hiyo ni njia nzuri ya kukadiria umri wa ramani isiyo na tarehe.

Wataiwan walipiga kura?

Walipiga, kwa masharti. Mabaraza ya 1920 wajumbe wake wote waliteuliwa, na kazi yao ilikuwa kushauri. Mwaka 1935 sheria ikabadilishwa, nusu ya viti vya mabaraza ya miji, gai na sho vikawa vya kuchaguliwa, nusu nyingine bado vya kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ukafanyika 22 Novemba 1935. Kupiga kura lazima uwe mwanaume, umefika miaka 25, na unalipa kodi ya eneo lako isiyopungua yen 5 kwa mwaka, kiasi ambacho mtu wa kawaida hakifikii. Matokeo yake mjini Wajapani waliokuwa wachache walikuwa na kura nyingi kuliko idadi yao. Hata hivyo waliogombea waligombea kweli, mabango, mikutano, hotuba, wengine wakiwa wanaharakati waliodai haki hiyo tangu miaka ya 1920.

Mkuu wa shu, mkuu wa gun, hao hawakuwahi kuchaguliwa na mtu yeyote Taiwan.

Majina haya yanalingana vipi na ya leo?

Herufi za Kichina mara nyingi ni zile zile, matamshi ndio yamebadilika:

Taihoku ni Taipei
Kirun ni Keelung
Giran ni Yilan
Toen ni Taoyuan
Shinchiku ni Hsinchu
Byoritsu ni Miaoli
Taichu ni Taichung
Shoka ni Changhua
Nanto ni Nantou
Kagi ni Chiayi
Tainan ni Tainan, hii haikuhama
Takao ni Kaohsiung
Heito ni Pingtung
Taito ni Taitung
Karenko ni Hualien
Hoko ni Penghu

Ila kuna kundi la pili ambalo herufi zenyewe zilibadilishwa, hasa 1920. Ako ikawa Heito. Huludun ikawa Toyohara (leo Fengyuan), Agongdian ikawa Okayama (leo Gangshan). Maofisa walitaka majina mafupi yanayosomeka kirahisi kwa Mjapani, na mengine ni ya huko huko Japani yalivyo. Baada ya 1945 herufi ziliachwa nyingi, zikasomwa kwa Kichina, kwa hiyo leo Taiwan ina mji ulioandikwa sawasawa na Okayama ya Japani na watu wa pale hawaoni ajabu yoyote.

Na mitaa ya Taipei?

Taihoku mjini kulikuwa na mageuzi ya peke yake 1922, majina ya mitaa ya zamani yakaondolewa, mji ukakatwa vipande 64 vya mtindo wa Kijapani. Baadhi vilipewa majina ya magavana wakuu, Kabayama, Nogi, Kodama, Sakuma. Vingi vimefutika, lakini Ximending, pale vijana wa Taipei wanapokwenda kununua nguo na kula, jina lake ni la kipande kimojawapo cha 1922, na Huashan, ile bustani ya sanaa iliyokuwa kiwanda cha pombe, jina lake linatokana na Kabayama, yule gavana wa kwanza.

Mwaka 1938 mji ulipanuka ukaimeza Matsuyama (Songshan) iliyokuwa sho ya jirani. Ndio maana kwenye nyaraka za 1937 Songshan haipo Taipei mjini na za 1939 ipo.

Nina karatasi ya zamani, nasomaje anwani yake?

Anza kubwa kwenda ndogo: shu, kisha gun, kisha gai au sho, kisha jina la eneo dogo, kisha namba ya kiwanja. Mfano Taihoku-shu, Shichisei-gun, Shirin-gai, maana yake mkoa wa Taihoku, wilaya ya Shichisei, mji mdogo wa Shirin, ambao leo ni Shilin, pale penye soko maarufu la usiku, ndani ya jiji la Taipei. Kama ni mji mkubwa hakuna gun, inakuwa Tainan-shu, Tainan-shi. Hapa watu wanajikwaa sana, Tainan-shu na Tainan-shi sio kitu kimoja, moja ni mkoa mzima mpaka Yunlin na nyingine ni mji. Kama kuna ken ni kabla ya Novemba 1901. Kama kuna cho halafu ni eneo la magharibi, mfano Toen-cho, hiyo ni kabla ya 1920.

Rejista za kaya za enzi hizo bado zipo kwenye ofisi za usajili za Taiwan, na mzao wa moja kwa moja anaweza kuomba nakala. Utakuta nani alizaliwa wapi, alihamia lini, alioa nani, na hata kama mwanamke alifungwa miguu na kama mtu alivuta kasumba. Serikali iliandika kila kitu.

Kinmen na Matsu zilikuwa wilaya gani?

Hazikuwa. Visiwa hivyo viko mlangoni kwa China bara, Mkataba wa Shimonoseki haukuvigusa, vilibaki mkoa wa Fujian. Jeshi la Japani liliikalia Kinmen wakati wa vita kuanzia 1937 lakini haikuingizwa Taiwan. Ukiona ramani ya leo ya Taiwan yenye Kinmen usiirudishe hiyo kwenye 1920.

Kinyume chake kuna kituko kingine: mwaka 1939 Japani ilidai visiwa vya Spratly, huko mbali Bahari ya China Kusini, ikavipa jina la Shinnan Gunto na kuviweka chini ya mji wa Takao. Kwa hiyo kwenye karatasi manispaa ya Takao ilikuwa na mwamba wa matumbawe ulioko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini kwake.

Korea nayo ilikuwa na shu?

Hapana, Korea ilikuwa na mikoa 13 yenye mfumo wake wa tangu zamani. Shu ni ya Taiwan.

Baada ya 1945 nini kilitokea?

Serikali ya China haikuchora upya mara moja, ilibadilisha vibao. Shu tano na cho tatu zikawa kaunti nane, miji 11 ikabaki miji, tisa chini ya mkoa wa Taiwan (sasa kisiwa kizima kilihesabika mkoa mmoja) na miwili (Yilan na Hualien) chini ya kaunti. Gai na sho zikapewa majina ya Kichina na kuendelea na kazi kesho yake, na maeneo ya milimani yaliyokuwa chini ya polisi kwa mara ya kwanza yakapata serikali za mitaa. Kaunti hizo zilikuwa kubwa kupita kiasi, mwaka 1950 zikavunjwa zikawa 16 na miji mitano, na gun ikafa kabisa. Shinchiku ya zamani ikazaa Taoyuan, Hsinchu na Miaoli. Taichu ikazaa Taichung, Changhua na Nantou. Tainan ikazaa Yunlin, Chiayi na Tainan. Ukilinganisha na zile cho 12 za 1909 utaona nyingi zimerudi, mahali zilipokuwa kabla ya Den Kenjiro kuzimeza.

Alafu 2010 wakaziunganisha tena Taichung, Tainan na Kaohsiung, mji na kaunti yake pamoja.

Naandika makala au nahariri ukurasa, nitumie Taihoku au Taipei?

Kwa ofisi na mipaka ya enzi hizo tumia jina la enzi hizo, Taihoku-shu, kwa sababu Taihoku-shu sio Taipei ya leo, ndani yake kulikuwa na Keelung na Yilan nzima. Kwa mahali penyewe, mji, mto, mlima, tumia jina la leo na mara ya kwanza taja la zamani pembeni. Na ukiandika cho weka mwaka, kila mara, maana cho ya 1905, cho ya 1915 na cho ya 1930 ni ofisi tatu tofauti, msomaji wako hana namna ya kujua unaongelea ipi.